Nyama ya Aliye Chini

Tumemzika Mama Kulwa Jumamosi, Geita, kwenye udongo mwekundu ambao mvua ilikuwa imeulainisha mpaka wachimba kaburi wakawa wanateleza. Nilirudi kwangu Nyasubi, Kahama, siku ya pili yake, tope la makaburini bado liko kwenye pindo la kitenge, nikamkuta binti yangu Neema jikoni na mashine yake mpya. Ni mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto. Vijana wanaiita eafraya. Nyeusi, ina droo kama ya kabati, na inavuma kama feni iliyoingia mchanga. Neema ameileta kutoka Mwanza na anaisifia kuliko mchumba yeyote aliyewahi kunitajia. Alikuwa amenunua chopsi tatu za nguruwe, nene, zenye mfupa na ngozi yake, akanieleza kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza kwamba siri ni kuikausha ngozi kwa kitambaa kabla ya kuipaka chumvi, kwa sababu nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. “Nje inakauka kau, ndani inabaki na maji yake,” alisema. “Enzi zenu hamkuwa na kitu kama hiki, mama.” Nilivua viatu, nikakaa kwenye stuli. Neema anajua sili kitimoto, anadhani ni kwa sababu ya presha. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba maneno hayo, karibu yote kama yalivyo, niliyasikia nikiwa msichana kutoka kwa mwanamke niliyekuwa nimetoka kumfukia.

Mwaka ule nilikuwa machimboni, nje ya mji wa Geita. Nilivyofika huko kutoka Tinde si habari ya leo. Kila aliyefika alikuwa na sababu, na sababu zetu zilifanana kama viatu vya mtumba. Mama Kulwa alikuwa na banda la kitimoto karibu na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, karibu kiasi kwamba mvuta kamba anayewashusha watu akikohoa tulimsikia. Banda lilikuwa na kuta za mabati yaliyotoboka, benchi mbili, meza moja isiyotulia, na nyuma yake chumba tulicholala mimi na yeye na binti yake Kulwa, aliyekuwa bado mdogo. Doto, pacha wake, alikufa akiwa mchanga, na Mama Kulwa hakupenda kumzungumzia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye mikono iliyojaa makovu ya mafuta. Kwa mwaka mzima sikumbuki kama alinisifia kwa lolote. Nikipatia, alinyamaza. Nikikosea, alinyamaza vilevile, ila alininyang'anya mwiko mkononi akaendelea mwenyewe. Nimeishi na watu wengi wapole tangu wakati huo na hakuna aliyenifundisha zaidi yake.

Alivyokaanga chopsi sijaona mwingine akikaanga hivyo. Aliifuta ngozi mpaka ikawa kavu kama karatasi, akaipaka chumvi, na nyama akaipaka tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa. Halafu aliisimamisha chopsi kwenye kikaango upande wa ngozi, akaishikilia kwa koleo, mafuta yake yenyewe yakaanza kutoka na kuikaanga bila haraka. Ngozi ikishavimba na kuwa ya dhahabu ndipo alipoilaza nyama kwenye moto mkali, huku na huku, muda mfupi tu, akaitoa ikapumzike kwenye sahani. Ukiikata, maji yanatiririka. Ukiitafuna, ngozi inasikika mpaka benchi ya pili. Wiki ambazo maduara hayakutoa kitu, watu walikula dagaa wa Nkome na ugali na kukaa kimya. Wiki zenye mali walikuja kwetu, na banda zima lilikuwa na sauti hiyo ya ngozi kwenye meno.

Lakini walioshuka duarani walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kushuka, mchimbaji alipita bandani akachagua kipande chake kibichi, akachukua kisu na kuchanja alama yake kwenye ngozi, kama kwao walivyochanja masikio ya ng'ombe ili wasichanganyike na wa jirani. Sisi tukakitia chumvi, tukakiweka kwenye beseni la bati na kukifunika. Kipande hicho hakikugusa moto mpaka mwenyewe atokeze juu na sisi tumwone kwa macho yetu. Kumkaangia mtu aliye chini ni kumwambia asipande. Akitolewa maiti, nyama yake mbichi inatupwa shimoni na shimo linafukiwa. Ikiwa bado inasubiri, hakuna anayeshuka kwenye duara lolote la jirani, kwa sababu ardhi imeshika mtu na haijamwachia. Na kilichokaangwa hakitupwi, lazima kiliwe. Anayekula nyama ya mtu aliyebaki chini amejitoa badala yake, na ardhi itamdai. Sijui kama mwiko ule ulianza na mizimu au na ladha tu, maana chopsi ikikaangwa mapema inakuwa ngumu kama soli. Huenda mpishi mmoja mjanja alitafuta njia ya kuwazuia watu kuagiza mapema. Lakini kufikia wakati wangu hakuna aliyekuwa anacheka nao.

Masanja alichanja mistari miwili iliyopishana, na mmoja mfupi pembeni. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo, na nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu nina umri wa kutojali sasa. Alinitania kila asubuhi akikichanja kipande chake.

“Milembe, punguza chumvi. Jana nimekunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi.”

“Ungekuwa na ng'ombe ningekusikiliza,” nilimjibu.

“Watakuja. Tukishavuna, baba mdogo anakwenda kwenu Tinde.”

Mama Kulwa, akiwa ametugeuzia mgongo, alisema, “Masanja, ng'ombe hawaji kwa maneno. Shuka ukafanye kazi.” Masanja alicheka, akasema, “Wabeja, mayu,” yaani asante mama kwa Kisukuma, kana kwamba amepewa baraka, akashuka. Jirani yetu upande wa pili wa bati, Bi Zuhura, aliyeuza chai na chapati, naye alikuwa akisikiliza. Alikuwa Mwislamu wa Tabora, msafi kupita kiasi, na kati ya banda lake na letu alikuwa amepanga mstari wa mawe. Vyombo vyetu havikuvuka, wala moshi wetu hakuupenda, lakini maneno yetu yote aliyafaidi. “Huyo kijana ataoa,” alisema kupitia tundu la bati. “Nguo zake zimeanza kufuliwa.”

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Watatu walishuka: Masanja, rafiki yake Shija, na Yohana, mtu mzima mwenye watoto Kahama. Mama Kulwa aliwaambia wakichanja nyama, “Wanangu, udongo umelewa.” Yohana alimjibu kwamba matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, wameyapiga upya juzi, na maji wamepiga pampu. Mama Kulwa akanisogezea chumvi. Nilipanga vipande vitatu kwenye beseni. Kabla ya saa za chai niliona kuku wa Bi Zuhura wakiruka, kisha bati la banda likatikisika, kisha watu wakaanza kukimbia upande mmoja. Nilipofika, palipokuwa na mdomo wa duara palikuwa na bonde la tope, na mvuta kamba amekaa chini, kamba mikononi, anaivuta na inakuja bila uzito wowote.

Wachimbaji wa maduara mengine walianza kuchimba kutoka pembeni siku hiyohiyo. Kwa hilo siwezi kuwalaumu. Walichimba mpaka kukacha. Mimi nilirudishwa bandani kwa sababu mwanamke haruhusiwi kusimama mdomoni mwa shimo, na Mama Kulwa aliniwekea beseni mbele. “Nyama isiharibike,” alisema. “Wakitoka watakuwa na njaa.” Basi tukaanza kuilinda. Tuliipangusa, tukaipaka chumvi upya, tukaitundika juu ya moshi mchana na kuirudisha kwenye beseni jua likishuka. Nilikuwa nafahamu kila mshipa wa kile kipande cha Masanja. Chumvi ilipotuishia, duka lilikuwa halina, na Bi Zuhura alikuja mpaka kwenye mstari wake wa mawe, akauvuka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akiwa na bakuli la chumvi yake. Alijua ya nini. “Chumvi ni chumvi,” alisema. “Bakuli tu usinirudishie.” Akakaa kwenye benchi letu, chini ya ile nyama iliyotundikwa, akakaa nami mpaka adhana ya alasiri.

Siku ya tatu walimtoa Shija. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umesagika na macho hayakutaka mwanga, lakini alikuwa anapumua, na machimbo yote yalilia kwa sauti moja. Walimleta bandani kwa machela, si hospitali kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa lazima. Mama Kulwa alikitoa kipande chake, akakikaanga mbele yake, akamtia chembe moja mdomoni. Alitapika. Haikuwa hoja; aliyepanda amekaangiwa. Nakumbuka nilivyomwangalia yule mtu aliyevunjika nikajawa na furaha mbaya, ya ubinafsi, kwamba ikiwa ardhi imemtema mmoja itawatema wote. Wakati wanatafuta gari nilikwenda nyuma kuchota maji, na kupitia bati nikamsikia Shija akiongea na Mama Kulwa kwa sauti ya chini.

“Tulikuwa tunagongeana nyundo, mayu. Mimi nagonga, Masanja anajibu. Jana akaacha.”

“Labda alilala.”

“Niligonga sana.”

Mama Kulwa akauliza, “Umemwambia nani?”

“Wewe tu.”

“Basi ishie hapo,” alisema. “Yule msichana asisikie.”

Nilikuwa nimesikia. Nilijaza ndoo, nikarudi, nikakichukua kipande cha Masanja na kukipaka chumvi. Watu huwa wanadhani matumaini ni kitu kizuri. Mimi nayajua kwa sura nyingine: ni ukaidi unaokataa kuhesabu maneno uliyoyasikia kwa masikio yako. Kesho yake walimtoa Yohana, maiti, na nyama yake ikatupwa shimoni kama ilivyo desturi. Kikabaki kipande kimoja kwenye beseni. Halafu mvua ikarudi, maji yakajaa kutoka shimo la zamani la jirani, pampu ikafa, na mwenye duara akasimama mbele ya watu kofia mkononi akasema hawezi kuwapoteza wengine kwa kumtafuta mmoja. Aliyasema vizuri. Hakuna aliyempinga.

Kilichofuata ndicho ambacho sijawahi kumsimulia mtu. Siku zilipita na nyama ikaendelea kusubiri, na kwa kuwa ilikuwa inasubiri, hakuna aliyeshuka duara lolote. Watu walikaa kwenye vivuli vya mabanda, njaa ikaanza kuwabadilisha. Mwanzoni walipita wakinisalimia kwa upole. Baadaye walipita wakiangalia juu ya moshi, wakihakikisha kama bado iko. Kupitia bati letu lililotoboka nilisikia yote, kama Bi Zuhura alivyosikia utani wetu zamani. Mmoja alisema mwenye nyama ni mwanamke wake, basi mwanamke aikaange na aile, wao wanataka kufanya kazi. Mwingine alisema msichana huyo hajatolewa hata ng'ombe mmoja, anamngoja nani. Mwingine, ambaye nilikuwa nimempikia mwaka mzima, alisema akishaila ardhi imchukue tu, yeye ni mmoja, wao ni wengi. Mwishoni walikuja kwa pamoja, mwenye duara mbele yao, wakamwambia Mama Kulwa kwamba kesho Milembe akaange. Walizungumza kwa heshima kabisa. Walimwita mayu.

Asubuhi niliamka nikakuta ndoano juu ya moshi haina kitu. Nyama ilikuwa kwenye bakuli la maji safi. Hapo nilijua, kwa kuwa nyama iliyokolea chumvi hivyo hairowekwi isipokuwa inakwenda kuliwa. Nilimwambia Mama Kulwa airudishe juu ya moshi. Aliitoa akaifuta, na aliifuta vizuri, polepole, hata kwenye michanjo ile mitatu ya kisu, akipitisha ncha ya kitambaa ndani ya kila mmoja. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Aliisimamisha kwenye kikaango upande wa ngozi, akaishikilia. Mafuta yakaanza kulia. Ilikuwa na harufu nzuri, na hilo nalo sijalisamehe. Nilimpigia kelele, nikamwambia anamuua Masanja, nikamwambia anataka biashara yake irudi. Alilaza nyama upande mmoja, akaigeuza, akaitoa ikapumzike, hatua zote, hakuruka hata moja. Nilipojaribu kuinyakua sahani niikimbize niitupe, aliuzuia mkono wangu kwa mkono wake wa makovu.

“Hii si yako, mwanangu,” alisema.

Akakaa kwenye benchi, mbele ya wanaume wote wale, akaila. Aliila yote. Ngozi ikasikika, na hakuna aliyesogea mpaka akaimaliza, akafuta mikono kwenye kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka ila mdomo haukuacha kutafuna. Kisha akamtazama mwenye duara akamwambia, “Haya. Mmefunguliwa. Nendeni mkashuke.”

Niliondoka kabla ya jua kuwa kali, na mfuko mmoja wa nguo. Bi Zuhura alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akasema kitu kuhusu Mama Kulwa ambacho nilikataa kukisikiliza. Nilimchukia mwanamke yule miaka mingi sana. Niliolewa Kahama, nikazaa, nikauza vitenge, nikazeeka, na kila nilipopita mahali watu wanakula kitimoto nilisikia ngozi ile mdomoni mwake. Mara mbili tatu tulikutana msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza watoto, nikajibu, yakaisha. Hakuwahi kujieleza. Mimi sikuwahi kuuliza, na nilijiona mwenye haki.

Jumamosi, baada ya kuzika, nilikaa na Kulwa nyuma ya nyumba ya kupanga ambayo mama yake alifia. Kulwa sasa ni mama mtu mzima, mwenye mabega ya mama yake. Tulikuwa tunaosha vyombo. Nilimuuliza, kwa ajili ya kuzungumza tu, lile banda la machimboni lilidumu mpaka lini.

“Banda?” alisema. “Lilikufa wiki ileile uliyoondoka.”

“Lilikufaje, na watu walirudi kazini?”

“Walirudi. Lakini nani angekula kutoka mkono wa mtu aliyekula nyama ya aliye chini? Walikuwa wanavuka njia wakimwona. Wale wale. Hata maji kisimani alisubiri wote waondoke.” Alisugua sufuria kidogo. “Tukaja mjini. Ameuza nyanya mpaka mwisho. Kitimoto hakugusa tena.”

“Alijua itakuwa hivyo?”

Kulwa aliniangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyepotea njia. “Mama Neema,” alisema, “alinifungia nguo zangu usiku wa kuamkia siku ile. Mfuko wako wewe pia aliufunga yeye.”

Ni kweli. Nilipoondoka niliukuta mfuko wangu umeshafungwa mlangoni, na katika hasira yangu nilidhani amenifukuza. Nililia pale kwenye maji ya vyombo, na Kulwa akaniacha nilie, akaendelea kusugua. Naye ni mkavu wa maneno.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipokaa kwenye stuli, Jumapili, Neema akinifundisha kukausha ngozi. Aliweka chopsi mbili kwenye droo ya mashine, ya tatu haikuenea. Nilisimama, nikaichukua ile ya tatu, nikachukua kisu. Mpishi hakuwa na alama. Aliyechanja ni yule anayeshuka. Ilibidi nimtungie Mama Kulwa. Nilichanja mistari miwili iliyolingana, bega kwa bega, Kulwa na Doto.

“Mama, unafanya nini?” Neema aliuliza.

“Naweka alama.”

“Ya nani?”

“Ya mtu ambaye hapandi tena.”

Hakuelewa, na ana hekima ya kutosha kutouliza mara mbili. Nilipangusa ngozi, hata ndani ya michanjo, nikapaka chumvi. Zake zilipoiva alizitoa, nikaingiza yangu, nikasimama karibu na mashine mpaka ikalia. Ilivimba vizuri. Niliiacha ipumzike kwenye sahani, kwa kuwa hatua hazirukwi, kisha nikaketi mezani nikaanza kula. Nyama ilikuwa laini, maji yake yote yamo. Neema alinitazama akiwa amesahau sahani yake mwenyewe.

“Na presha?” alisema. Kisha, labda kwa kuona ninavyolia, akasogeza kiti karibu na kunyoosha mkono achukue kipande, anisaidie.

Nilimzuia mkono.

“Hii si yako, mwanangu,” nilimwambia, nikaila yote, pamoja na ngozi.